Mkono Husema Kuliko Uso: Mchezo wa Karata Mpakani Kuluba

Msafiri atokaye Arua kuelekea kaskazini kwa barabara ya lami, akaupita mji wa Koboko na kuendelea mpaka mwisho wa nchi, atafika Oraba, katika gombolola ya Kuluba. Barabara hiyo, yenye urefu wa kilomita 92 tangu Vurra, hukoma mbele ya kizuizi cha mpakani. Ng'ambo ni Kaya, nchi ya Sudani Kusini. Hapo malori husubiri. Dereva ambaye karatasi zake za forodha zimekamilika huweza kusubiri saa mbili, na ambaye zake hazikukamilika huweza kusubiri siku mbili. Na kwa kuwa binadamu hawezi kulala mchana kutwa chini ya lori, karata hutolewa.

Sisi tulifika mahali hapo kwa kazi nyingine isiyo na nafasi katika makala hii, na ilipokwisha tulikaribishwa katika duara la madereva chini ya mwembe. Tulicheza mara nne, tukashindwa mara nne. Aliyetushinda alikuwa mzee mmoja, dereva wa lori la saruji, mwenye mvi na miwani iliyofungwa kwa uzi. Baada ya mchezo wa nne alituonea huruma, akasema: "Afande, wewe muda wote unanitazama usoni. Usoni mwangu hamna karata."

Duara lote lilicheka, nasi tukacheka pamoja nao, ingawa si kwa furaha kamili. Maana sisi, kama watu wengi waliozoea kuvaa sare, tulikuwa tumejihesabu miongoni mwa wale wanaoweza kumsoma mtu usoni, tena tulikuwa tumekwisha kuufanyia kazi ujuzi huo, kama itakavyoonekana mbele.

Mchezo wenyewe huitwa matatu. Ndugu zetu wa Kenya wasidhani kwamba tunazungumza juu ya magari ya abiria. Kwetu Uganda gari la namna hiyo huitwa takisi, na matatu ni karata. Kanuni hubadilika kidogo kutoka kijiwe hadi kijiwe. Tulivyocheza Oraba, kila mmoja alipewa karata saba, kisha karata moja ikafunuliwa na kulazwa chini ya fungu la kuokota, nusu yake ikichungulia ili wote waione. Aina ya karata hiyo ndiyo ikatayo. Mchezaji hutupa karata inayolingana na ile iliyo juu kwa aina au kwa namba, na asiye nayo huokota. Mbili humwadhibu anayefuata kwa kuokota karata mbili. Nane na jeki humnyima zamu yake. Ree, ambayo watu wa pale huiita esi, humpa mwenye nayo haki ya kuamuru aina aitakayo. Na saba ya ile aina inayochungulia ndiyo bwana wa mchezo: mwenye nayo akiitupa, mchezo umekatwa papo hapo, kila mtu hufunua mkono wake, pointi huhesabiwa, na mwenye pointi chache ndiye mshindi.

(Tumetumia majina ya pwani kwa kuwa ndiyo tuliyoyasoma vitabuni. Kopa, uru, pau na shupaza, hata neno karata lenyewe, yote ni mabaki ya Wareno. Vijana wa Oraba walituangalia kwa mshangao tulipoyatamka.)

Kwa hiyo kila anayeketi hapo ana hofu mbili zinazovutana. Asibaki na karata nzito mkononi wakati mwenzake anapokata. Na pia asiharakishe kuzitupa karata zake za nguvu akajikuta hana silaha mwishoni. Mchezo mzima uko kati ya hofu hizo mbili, na anayejua ni hofu ipi inayomtawala mwenzake wakati huo amekwisha kushinda nusu ya vita.

Tulimwomba mzee atueleze anaijuaje. Alituambia kwamba mwenye saba ya kukata huhesabu, hawezi kujizuia. Kabla ya kukata ni lazima ajue mkono wake una uzito gani, kwa hiyo kidole gumba chake hupita juu ya karata moja moja, kushoto kwenda kulia, hata kama macho yake yako kwenye lori lake au kwa mama muuza chai. Asiye na cha kutupa huelekeza kiwiko kwenye fungu la kuokota kabla mwenzake hajamaliza zamu. Mwenye karata moja tu inayofaa huitenga pembeni kidogo, akaishika kama mtu aliyeshika nauli akisubiri kushuka. Mwenye karata nyingi zinazofaa hukawia, lakini kukawia kwake ni kwa utulivu, kwa sababu anachagua. Na mwenye mbili, alisema, hukaa vizuri.

Hata hivyo, jambo alilolikazia kuliko yote ni kwamba ishara hizo hazina maana yoyote kabla hujamjua mtu. Alimwonyesha utingo wake mwenyewe, kijana aliyeketi upande wa pili wa mkeka, mikono ikimtetemeka. "Huyu akitetemeka," alisema, "hiyo ni habari ya jana usiku, si ya karata." Mchezo wa kwanza mzee huyo huwa hauchezi ili ashinde. Huucheza ili ajue kila mmoja hushikaje karata zake wakati hana shida, apate kutambua baadaye ni lini amebadilika.

Yapasa kusema kwamba hapakuwa na fedha juu ya mkeka. Aliyeshindwa alilipia chai na chapati, nasi tulilipa chapati nyingi. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 juu ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha inamkataza mtu aliye chini ya umri wa miaka 25 kucheza kamari, na katika kazi yetu tumeona mishahara ya vijana ikiisha kabla ya mwezi kufika katikati. Lakini hilo ni somo la siku nyingine.

Hayo aliyoyaeleza mzee chini ya mwembe yamefanyiwa uchunguzi mbali sana na Kuluba, katika mchezo ambao fedha zake ni nyingi mno, nao ni poka. Katika poka ya namna ya Texas Hold'em kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa mezani kwa awamu ziwe za wote. Kila awamu watu huweka dau, hulifuata, hulipandisha au hutupa karata zao na kujitoa. Mshindi si lazima awe na karata bora. Wenzake wote wakijitoa, dau ni lake, wala hana wajibu wa kuonyesha alichokuwa nacho. Ndipo inapopatikana nafasi ya kutisha kwa mkono mtupu.

Katika mashindano, mchezaji hulipa ada mara moja, akapewa sarafu za mchezo ambazo haziwezi kubadilishwa kwa fedha. Zikimwishia, kwa kawaida ametoka. Na ili watu wasikae wakisubiri karata nzuri hadi asubuhi, yako madau ya lazima yanayozunguka meza, nayo hupandishwa kila baada ya muda maalumu. Afisa yeyote aliyewahi kuhesabu maji na risasi za kikosi kilichozingirwa atauelewa mpango huo bila kufundishwa: anayekaa kimya hapungukiwi kwa kupigwa, hupungukiwa kwa kukaa. Mwenye sarafu chache hulazimika kushambulia angali na nguvu za kumtisha mtu. Mwenye sarafu nyingi huwabana wale wa katikati, wasio na haraka ya kufa wala nguvu ya kujitapa.

Mashindano makubwa kabisa ya mchezo huo, World Series of Poker, yalianza mwaka 1970 katika jiji la Las Vegas, Marekani. Shindano lake kuu lina ada ya dola 10,000. Mwaka 2003 waliingia watu 839; mwaka 2024 waliingia 10,112. Tangu zamani wachezaji hao wamejishughulisha sana na nyuso. Wengine huvaa miwani ya jua ndani ya nyumba, wengine hufunika vichwa kwa kofia za sweta, na mwaka 1984 Mmarekani Mike Caro alitoa kitabu kizima juu ya ishara za mwili mezani, ambamo fundisho kubwa ni kwamba mchezaji dhaifu hujifanya mwenye nguvu na mwenye nguvu hujifanya dhaifu.

Mwaka 2013 Michael Slepian na wenzake walichapisha uchunguzi wao. Walichukua picha za video za mashindano hayo ya mwaka 2009, wakazikata vipande vifupi vinavyowaonyesha wachezaji wakisogeza sarafu zao mezani. Watazamaji wengine walionyeshwa mwili wote, wengine uso peke yake, na wengine mikono peke yake, kisha wakaulizwa: huyu ana karata nzuri au mbaya? Waliotazama nyuso hawakufanikiwa. Nyuso ziliwapotosha kuliko kuwafunulia. Waliotazama mikono ndio waliokisia vizuri zaidi. Mkono wa mwenye karata nzuri ulikwenda kwa ulaini, bila kusitasita.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Mchezaji hodari ameufundisha uso wake kwa miaka. Anajua kwamba ndio unaotazamwa, kwa hiyo ameuwekea mlinzi. Mkono hakuuwekea mlinzi.

Tungeweza kukomea hapo, tukatoka Oraba na shauri jipya la kutazama mikono badala ya nyuso. Lakini kuna mambo matatu yanayoharibu furaha hiyo. Mwezi wa Julai 2007 binti wa Norwe, Annette Obrestad, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 18, alicheza shindano la watu 180 kwa njia ya kompyuta, karata zake mwenyewe zikiwa zimefunikwa. Alizichungulia mara moja tu. Akashinda. Hakuona karata zake, hakuona uso wa mtu wala mkono wa mtu. Aliona tu nani ameweka dau, kiasi gani, lini, na akiwa ameketi nafasi ipi. Miezi miwili baadaye, London, akiwa ameketi mezani na watu wenye nyuso na mikono, alishinda shindano kuu la Ulaya na kutwaa pauni milioni moja.

La pili ni la mashine. Mwezi wa Januari 2017 programu iitwayo Libratus, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliwashinda mabingwa wanne katika michezo 120,000. Mwaka 2019 ikafuata nyingine, Pluribus, iliyowashinda mabingwa katika meza ya watu sita. Programu hizo hazikuwa na macho.

La tatu ndilo linalotugusa zaidi. Katika fainali ya mwaka 2003 walibaki watu wawili: Sam Farha, mchezaji mzoefu, na Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee aliyekuwa mgeni katika mashindano makubwa kama hayo. Karata tano zilikwisha kufunuliwa. Moneymaker alikuwa akisubiri shupaza moja ikamilishe mkono wake, nayo haikuja. Hakuwa na kitu. Akasukuma sarafu zake zote mezani. Farha alikuwa na jozi ya tisa, iliyotosha kushinda. Alimtazama sana mwenzake, akamsemesha ili amtikise, akamwambia kwa mdomo wake mwenyewe kwamba bila shaka ameikosa karata aliyoisubiri. Alikisia sawasawa kabisa! Moneymaker aliketi kama jiwe, asiseme neno. Na Farha, ambaye alikuwa na ukweli mdomoni mwake, akatupa karata zake. Baadaye kidogo Moneymaker alitwaa ubingwa na dola milioni mbili na nusu.

Tumelifikiri sana tukio hilo. Farha hakukosa ishara. Alikosa cha kuithibitisha, na alipolipima dhana yake dhidi ya sarafu zote zile, dhana ikawa nyepesi.

Hapa yatupasa tukiri jambo. Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa Luteni wa pili, bado tuna vumbi la shule ya kadeti viatuni, tuliwekwa kwenye kizuizi cha barabara ambacho hatutakitaja. Siku moja tulimshusha kijana mmoja kutoka ndani ya basi. Alikuwa akitokwa na jasho asubuhi ya baridi. Hakututazama machoni. Alipotupa kitambulisho chake, mkono ulimtetemeka. Kwetu sisi hizo zilikuwa karata zote zilizohitajika. Tulimketisha juani, begi lake likafunguliwa mara tatu, likakutwa na nguo, sabuni, na karatasi ya zahanati iliyoandikwa kwamba ana malaria. Karatasi hiyo tuliisoma safari ya tatu. Basi lilikwisha kwenda. Tulimlipia nauli kwa fedha zetu, akaipokea bila kuinua macho, nasi tukajiambia kwamba kazi ni kazi. Yule mwenye cha kuficha, kama alikuwamo katika basi lile, bila shaka alitutazama machoni akatabasamu.

Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya tafiti nyingi juu ya uwezo wa binadamu kumtambua mwongo kwa kumtazama na kumsikiliza, wakaona kwamba kwa wastani watu hupatia mara 54 katika 100. Mwenye kurusha shilingi hupatia mara 50. Huko Marekani serikali ilikuwa imetumia kiasi cha dola milioni 900 tangu mwaka 2007 kwa mpango wa kuwatambua watu wabaya viwanja vya ndege kwa tabia na miondoko yao. Mwezi wa Novemba 2013 wakaguzi wa hesabu wa nchi hiyo walipendekeza fedha za mpango huo zipunguzwe, kwa kuwa hawakuona ushahidi kwamba njia hiyo inafanya kazi.

Katika Kuluba jambo hili si la kitabuni. Vita vilipozuka Juba mwezi wa Julai 2016, watu walimiminika mpakani mwa West Nile kwa maelfu, na Kuluba palikuwa miongoni mwa mahali walipopokelewa kabla ya kupelekwa kambini. Watu waliotembea usiku porini hufika wakitetemeka. Wengi hawamtazami mwenye bunduki machoni, na kwa sababu nzuri. Tena kijana wa kwetu hufundishwa tangu utoto kumwinamishia macho mkubwa wake. Anayekukazia macho ndiye asiyefundwa. Askari aliyejifunza katika sinema kwamba mwongo huangalia chini atawakamata watoto wenye adabu siku nzima.

Mzee wa lori la saruji asingemtazama kijana wetu usoni, wala, tunadhani, mkononi. Angemwuliza ametoka wapi, amepanda basi saa ngapi, anakwenda kwa nani, na begi hili amelifunga nani. Kisha angeona kama majibu yanafuatana jinsi karata za mtu mmoja zinavyofuatana tangu mwanzo wa mchezo. Obrestad alifanya hivyo hivyo kwa madau. Karatasi ya zahanati ingeonekana mara ya kwanza, kwa sababu angekuwa ameiuliza.

Tulimsimulia mzee habari hizi, za Farha na za kijana wa basi. Ya Farha ilimpendeza. Juu ya ile nyingine hakusema kitu. Alichanga karata tu, akagawa mchezo wa tano.

Karata iliyochungulia ilikuwa ya uru. Mchezo ulikwenda vizuri kwa upande wetu. Tulifika mahali tukabakiwa na karata tatu: tisa ya pau, mfalme wa pau, na ree tuliyokuwa tumeiweka akiba kwa ajili ya kumalizia. Juu ya mkeka palikuwa na pau. Mzee naye alikuwa na karata tatu. Hatukumtazama usoni hata kidogo. Tulimtazama mkono, na tukakiona: kidole gumba kikapita juu ya karata zake moja moja, kushoto kwenda kulia, polepole, huku yeye akiangalia upande wa forodha. Kikarudia mara ya pili.

Anahesabu, tukajiambia. Saba ya uru iko kwake. Katika hesabu ya pale ree ni miongoni mwa karata nzito, na kukatwa nayo mkononi ni kushindwa. Tukaitupa upesi, tukaamuru pau. Mzee akatupa mbili ya pau. Tukaokota karata mbili, tukawa na nne.

Wakati huo huo namba ya lori lake ikaitwa kutoka forodha. Mzee aliinuka, akazilaza karata zake mbili kifudifudi juu ya mkeka, akatupa mkono wa kwaheri, akamwambia mama muuza chai kwamba safari hii atalipa yeye. Utingo akamfuata. Tulisubiri mpaka lori lilipopita kizuizi na kuanza kushuka upande wa Kaya, ndipo dereva mmoja akazifunua karata zile. Zilikuwa tano ya kopa na tisa ya shupaza. Saba ya uru tuliikuta ndani ya fungu la kuokota, ya tatu kutoka juu.